Shauri Hukatwa Wapi? Uhakiki wa Nadharia ya Kujumlisha Rai

Kitabu cha Christian List na Philip Pettit kiitwacho Group Agency, kilichochapishwa na Oxford University Press mwaka 2011, si kitabu cha lugha, wala watungaji wake hawakukiandika kwa ajili yetu. Wanafalsafa, wanasheria na wachumi wamekwisha kukijadili kwa kirefu; sisi wanalugha tumekipita kando, kama msafiri apitavyo kando ya mji asio na ndugu ndani yake. Mimi nami nilikipita hivyo, hata siku moja nilipokuwa nimekaa katika kamati ya istilahi, ambayo hapana haja ya kuitaja, nikaliona kwa macho yangu jambo lile lile ambalo kitabu hiki hulieleza katika sura zake za mwanzo. Tangu hapo nimekisoma mara tatu, na kila mara nimezidi kukistahi na nimezidi kukishuku. Makala haya yataka kueleza sababu za yote mawili.

Yafaa nianze na kamati yenyewe. Kanuni yetu ilikuwa hii: neno la kigeni likubaliwe kuwa sanifu endapo mambo mawili yatathibiti, kwanza kwamba limeenea katika matumizi ya watu, na pili kwamba hapana neno jingine la Kiswahili litoshalo mahali pake. Jambo moja likikosekana, neno likataliwe. Tulikuwa wajumbe tisa, tukagawanyika mafungu matatu ya watu watatu watatu. Neno tulilokuwa tukilijadili silitaji. Tuliweke neno kompyuta mahali pake kwa mfano tu. Fungu la kwanza lilisema: limeenea, wala hapana jingine litoshalo, basi likubaliwe. Fungu la pili likasema: limeenea, naam, lakini tarakilishi, lililoundwa kutokana na tarakimu na akili, latosha kabisa, basi likataliwe. Fungu la tatu likasema: tarakilishi halitoshi, lakini hili nalo halijaenea ila mijini; basi likataliwe. Zikapigwa kura. Je, limeenea? Sita wakasema ndiyo, watatu hapana. Je, ni kweli kwamba hapana jingine litoshalo? Sita ndiyo, watatu hapana. Je, likubaliwe? Watatu ndiyo, sita hapana. Katibu, mtu mwaminifu, akayaandika yote matatu katika kumbukumbu za mkutano kama yalivyotokea.

Mtu atakayezifungua kumbukumbu hizo miaka thelathini baadaye ataona kwamba kamati ilikiri sharti la kwanza, ikakiri na la pili, kisha ikalikataa neno. Atadhani tulikuwa na usingizi. Lakini hapana hata mjumbe mmoja aliyejipinga. Kila mtu peke yake alisema maneno yanayofuatana sawasawa. Kasoro imezaliwa katika kujumlisha.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko wengi wadhanivyo. Condorcet, mwaka 1785, alikwisha kuonyesha kwamba wapiga kura watatu wenye akili timamu waweza kuwa na jumla isiyo na akili: wengi wampende A kuliko B, B kuliko C, na C kuliko A. Kenneth Arrow alilifanya jambo hilo kuwa kanuni ya jumla mwaka 1951, na mwaka uliofuata Mfaransa Guilbaud akaona kwamba shina la tatizo ni la kimantiki, wala halikomei katika mapendeleo ya wapiga kura. Wanasheria wa Marekani, Lewis Kornhauser na Lawrence Sager, walilikuta upya katika mahakama zenye majaji wengi, wakaliandikia mwaka 1986 na tena 1993. List na Pettit walilipa umbo lake la sasa katika makala yao ya mwaka 2002, na kitabu ni mti uliokua kutokana na mbegu hiyo.

Asiyeamini kwamba mambo haya hutokea nje ya karatasi za wanafalsafa na atazame kesi ya National Mutual Insurance Co. dhidi ya Tidewater Transfer Co., iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1949. Bunge lao lilikuwa limewafungulia raia wa wilaya ya mji mkuu, Washington, mlango wa kushtaki katika mahakama za shirikisho kama wafanyavyo raia wa dola mbalimbali. Je, lilikuwa na uwezo huo? Palikuwa na njia mbili za kujibu ndiyo: ama wilaya ile ihesabiwe kuwa ni dola kwa maana ya kifungu cha tatu cha katiba, ama bunge liwe na uwezo kwa kifungu cha kwanza. Majaji wawili walishika njia ya kwanza wakaikana ya pili. Watatu walishika ya pili wakaikana ya kwanza. Wanne walizikana zote mbili. Kwa hiyo njia ya kwanza ilikataliwa na saba dhidi ya wawili, njia ya pili ikakataliwa na sita dhidi ya watatu, na sheria ikasimama kwa kura tano dhidi ya nne. Hukumu ilishinda, na kila sababu yake ilishindwa. Hapa kiungo ni "ama", na katika kamati yetu kiungo kilikuwa "na", lakini fundo ni lile lile.

Kabla sijaendelea, neno moja juu ya maneno. Wenyewe hutumia kwa Kiingereza neno ambalo mfasiri wa haraka angelitia "hukumu". Mimi nimechagua "rai", kwa kuwa hukumu katika Kiswahili ina harufu ya kizimba na kadhi, na mjumbe aliyesema kwamba neno limeenea hakumhukumu mtu. Tendo la kuzikusanya nimeliita kujumlisha, nami nimelichagua kwa makusudi, maana kujumlisha ni kazi ya hesabu, na nadharia yote hii yasema kwamba rai hazijumlishiki kama shilingi.

Yasema hivyo kwa ukali gani? Tutake mambo manne kwa kamati. Kwanza, kila mjumbe aweze kuja na rai yoyote, mradi asijipinge. Pili, kura za wajumbe wote ziwe na uzito mmoja. Tatu, kila kauli iamuliwe kwa kutazama kura zake yenyewe tu, na kauli zote ziamuliwe kwa kipimo kimoja. Nne, matokeo yawe kamili, yaani kila kauli ipate jibu, wala majibu yasipingane. List na Pettit walithibitisha kwamba, kauli zikiwa zimefungamana japo kwa kiasi kidogo kama zile zetu tatu, hapana njia yoyote duniani ya kuyatimiza manne haya pamoja. Wala si kosa la kanuni ya wengi peke yake, litakalopona kwa kubuni kanuni nyingine yenye werevu zaidi. Mwenye kutaka kuponyoka hana budi kuacha mojawapo.

Waweza kuacha ukamilifu, ukasema kwamba kauli isipite ila kwa zaidi ya theluthi mbili. Dawa hii ni nzuri, na uthibitisho wake ni mfupi hata naweza kuuweka hapa. Tuseme "limeenea", "hapana litoshalo" na "likataliwe" zote zimepata zaidi ya theluthi mbili. Basi wapinzani wa kila moja ni pungufu ya theluthi moja, na wapinzani wa zote tatu wakijumlishwa hawafiki watu wote. Kwa hiyo yuko angalau mtu mmoja aliyezikubali zote tatu, naye atakuwa amejipinga, jambo tulilokwisha kulizuia. Katika kamati yetu kila kauli ilipata theluthi mbili kamili, bila hata kura moja ya ziada. Kwa kipimo hiki hapana ambayo ingalipita. Lakini ndiyo bei yenyewe: kamati yenye kutumia kipimo hicho hunyamaza mara nyingi, na kamusi haiwezi kuchapishwa ikiwa na kurasa tupu.

Au waweza kuacha usawa wa kauli, na hapo ndipo Kiswahili kinapoanza kuwa na la kusema. Sisi twasema kukata shauri. Shauri ni mazungumzo, tena ni jambo lenyewe linalozungumzwa, tena ni uamuzi utokao humo. Neno moja limebeba safari nzima, na kitenzi chatuambia kwamba mahali fulani katika safari hiyo kisu hupita. Swali la List na Pettit, likisemwa kwa lugha yetu, ni hili: shauri hukatwa wapi? Ukilikata penye hoja, yaani ukipiga kura juu ya kila sharti kisha ukaiacha mantiki itoe mwisho wake, neno letu lingalikubaliwa, ijapokuwa wajumbe sita kati ya tisa hawalitaki. Ukilikata penye mwisho tu, neno lakataliwa, nawe huna sababu ya kumpa mwulizaji.

Watungaji waelekea kupendelea kukata penye hoja, kwa kuwa kundi lenye kufanya hivyo laweza kutoa sababu zake na kuulizwa kesho juu ya ahadi za jana. Wanakiri kwamba kuna wakati njia ya pili hufaa, lakini kwa maoni yangu walipaswa kukaa zaidi hapo. Natumia hesabu ndogo. Tuseme wajumbe ni watatu, na kila mmoja, katika kila hoja, huipata kweli mara 60 katika 100, bila kumtegemea mwenziwe na bila hoja moja kutegemea nyingine. Wakipiga kura juu ya hoja moja, wengi wataipata kweli karibu mara 65. Sasa ikiwa kwa kweli masharti yote mawili yametimia na neno lastahili kukubaliwa, kukata penye hoja kutalikubali mara 42 katika 100, na kukata penye mwisho hakufiki mara 30. Lakini ikiwa masharti yote mawili hayakutimia, kukata penye mwisho kutalikataa neno mara 93, na kukata penye hoja karibu mara 88. Maana yake nini? Njia moja hupunguza hatari ya kulifungia mlango neno lenye haki. Nyingine hupunguza hatari ya kumwingiza mgeni asiye na haki. Ni kweli kwamba atakataye penye mwisho mara nyingi atapatia kwa sababu zisizo sahihi, na hili lawakera wanafalsafa. Mtunga kamusi halimkeri sana. Neno lililoingia kamusini haliondoki kwa urahisi, na lililokosa toleo hili laweza kungoja lijalo. Kwa hiyo anayechagua mahali pa kukata huwa amechagua pia kosa aliogopalo zaidi, na hilo huamuliwa na kazi iliyopo.

Sura ya tano, ihusuyo ukweli wa wapiga kura, ni miongoni mwa zilizo bora. Humo watungaji waeleza kwamba ukikata penye hoja wampa mjumbe sababu ya kusema uongo. Mjumbe wa fungu la tatu aliye na shauku ya kuliangusha neno, akijua kwamba hoja ndizo zitakazoamua, atapiga "hapana" hata katika ile hoja ambayo moyoni aikubali. Nimekwisha kumsikia mjumbe akiapa kwamba neno fulani halijaenea, na nusu saa kabla yake, tukinywa chai, alikuwa amelitumia mara mbili.

Nafika sasa kwenye shaka zangu, nazo ni mbili. Ya kwanza ni ya sarufi. Katika sehemu ya tatu ya kitabu watungaji wadai kwamba kundi lililojipanga vizuri, lenye rai zisizopingana na lenye kuzitimiza, si mtendaji tu bali laweza kuitwa mtu, kwa maana ya yule awezaye kufungwa na ahadi na kudaiwa. Wanapinga fikira kwamba utu ni lazima uwe umbile la ndani. Kwao utu ni kazi afanyayo mtu mbele ya wenziwe. Hobbes, katika Leviathan ya mwaka 1651, alikwisha kusema maneno ya jamii hiyo, akaona kwamba sauti ya wengi yatosha kuwa sauti ya wote. Kwamba hakuliona fundo tulilolieleza, watungaji wanamsahihisha kwa haki.

Lakini tazama Kiswahili kisemavyo. Kiumbe chenye uhai, hata jina lake likiwa katika ngeli nyingine, huvutwa kwenye upatanisho wa mtu: simba amelala, kipofu amekuja, waziri amesema. Kifaru wa porini ameanguka. Kifaru cha jeshi kimeanguka. Mpaka huu ni mkali, na mtoto huujua kabla hajaenda shule. Je, kamati iko upande gani? Kamati imeamua. Baraza limeazimia. Chama kimekubali. Mahakama imeona. Serikali inaamini. Hapana asemaye *kamati ameamua. Vitenzi vya akili twaipa kamati bila choyo, hata vya moyo, maana twasoma kwamba baraza limesikitishwa, uhai hatuipi. Kwa hiyo sarufi yetu imetenga mambo mawili ambayo kitabu hiki hutoka katika moja kwenda katika jingine kwa hatua fupi mno: kuwa na rai, na kuwa mtu.

Sidai kwamba sarufi ni falsafa. Upatanisho wa ngeli haukupangwa na wanafalsafa, na lugha nyingine hupanga vingine. Waingereza huweza kuiambatanisha kamati na kitenzi cha umoja au cha wingi, nao hawana imani mbili juu ya kamati. Nasema tu kwamba mtungaji aliyezaliwa katika Kiswahili angeliona pengo hapo na angelijenga daraja. Tena kuna jambo dogo ambalo lingewafaa watungaji wenyewe. Katika mazungumzo twasikia "kamati wamekataa", na mara nyingi husemwa pale ambapo msemaji hataki kulichukulia jambo kuwa ni la chombo kizima, bali awaona watu waliogawanyika. Sijafanya uchunguzi wa kutosha kulithibitisha. Nalitoa kwa wanafunzi wetu wa isimu, ambao huniuliza kila mwaka mada za tasnifu.

Shaka ya pili ni nzito zaidi. Mantiki ya nadharia hii huchukua kauli kama sarafu: "limeenea" ya mjumbe huyu ni "limeenea" ya yule, ndiyo maana zaweza kuhesabiwa. Katika nchi yenye lahaja hilo haliwezi kuchukuliwa tu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, badala ya Kimvita chenye fasihi kongwe, na Kamati ya Lugha ya nchi nne ilipoanza kazi mwaka 1930, swali la "limeenea" lilikuwa tayari na meno: limeenea kwa nani, katika kusema au katika kuandika, pwani au bara? Watu wawili waweza kupiga kura moja kwa maana mbili, na watu wawili wakapingana hali wanakubaliana. Kura ikishahesabiwa, tofauti hiyo haionekani tena. List na Pettit wanajua kwamba orodha ya kauli zinazopigiwa kura yaweza kubadili matokeo, na wanalisema. Hawasemi kwamba maana ya kauli moja yaweza kugawanyika ndani ya chumba kimoja. Nao si wao peke yao. Hata waliofuata baadaye, kama Gabriella Pigozzi, aliyeleta mwaka 2006 njia ya kutafuta jumla iliyo karibu zaidi na rai za wote bila kujipinga, hupima umbali kati ya rai kana kwamba zote zimeandikwa kwa wino mmoja.

Kwa upande huu njia bora iliyomo kitabuni ndiyo wanayoipa nafasi ndogo. Ni ile ambayo kundi hupiga kura ya kujaribu, kauli moja baada ya nyingine, na kila pinzani litokeapo hurudi nyuma na kuuliza lipi liachwe. Wao huitazama kama kifaa cha kurekebisha. Mimi naona kwamba kurudi nyuma ndiko kunakofichua maana zilizogawanyika, na hapo shauri lapata kuwa shauri kabla ya kukatwa. Ina kasoro yake, kwamba matokeo hutegemea ni kauli ipi iliyotangulia, na mwenyekiti mjanja huijua siri hiyo.

Kamati yetu ilirudi nyuma, si kwa hekima bali kwa sababu katibu alikataa kuzitia sahihi kumbukumbu zile. Tulipoulizana, ilidhihirika kwamba mafungu mawili ya kwanza yalikuwa yakihesabu magazeti na vitabu vya shule, na la tatu lilikuwa likihesabu masoko ya vijijini. Kwamba neno limeenea katika maandishi, wote tisa walikubali; kwamba limeenea katika usemi wa vijijini, wote tisa walikana. Kanuni haikusema ni lipi kati ya hayo litakiwalo, basi ikatubidi kuijadili kanuni, na juu ya kanuni tukagawanyika upya, wanne kwa watano, kisha muda ukaisha. Katika kumbukumbu mpya katibu aliandika "wajumbe wameona" mahali pawili, na "kamati imeona" mahali pamoja tu, pale palipohusu kuahirisha. Neno lingali likingoja, na barua ya kutuita kwenye kikao kijacho imelitumia katika mstari wake wa kwanza.